Unaposhuku Kuna Jasusi Kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Wanaoniletea mashine mara nyingi huanza na maneno yaleyale: "Fundi, imekuwa nzito, na nahisi kuna mtu ananichungulia." Mambo hayo mawili kwa kawaida hayahusiani. Katika mashine nyingi ninazofungua, uzito unatokana na RAM ya GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka, na kivinjari kilichofunguliwa vichupo thelathini. Jasusi wa siku hizi hapendi umhisi. Anaingia, anachukua alichokifuata ndani ya dakika chache, wakati mwingine anajifuta kabisa, na mashine inabaki nyepesi kama jana. Kwa hiyo nitapita dalili moja baada ya nyingine, ujue ipi inastahili kukunyima usingizi na ipi inakutuma tu kununua RAM.

Programu jasusi ni programu inayokusanya mambo yako, iwe nywila, kurasa unazotembelea, unachoandika, picha ya kamera au sauti, na kuyapeleka kwa mtu mwingine bila ridhaa yako. Ninazokutana nazo ni za aina tatu. Kuna za matangazo, zinazofuatilia unachotafuta ili zikujazie skrini bidhaa. Kuna wezi wa nywila, ambao ndio hatari kubwa kwa sasa. Halafu kuna za kumtazama mtu mmoja mahususi, ambazo mara nyingi huwekwa na mtu anayemfahamu. Kila aina ina mlango wake wa kuingilia, na ukikosea mlango utasafisha leo na wiki ijayo utarudi palepale. Nitazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo iliyojaa majumbani mwetu.

Kabla hujagusa kitu

Ukishuku kwa dhati, kata intaneti kwanza: zima Wi-Fi au chomoa modemu. Usiingie benki wala barua pepe kwa mashine hiyo eti kuangalia kama kila kitu kipo sawa, maana huko ni kumpa mwizi ufunguo anaousubiri. Usichomeke diski ya nje yenye nakala za kazi zako. Ila kama unayemshuku ni mtu unayeishi naye, acha kila kitu kilivyo na usome kwanza sehemu inayohusu mtu wa karibu, huko chini. Kufutafuta kwa pupa kunaweza kukuweka hatarini.

Mashine ni nzito na feni inalia muda wote

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Panga orodha kwa safu ya CPU, kisha Memory, kisha Disk, uone nani anakula zaidi. Ukikuta Antimalware Service Executable juu, huyo ni mlinzi wa Windows akifanya ukaguzi, mwache amalize. Vivyo hivyo na masasisho ya Windows, ambayo yanaweza kuikalia diski ya zamani saa nzima.

Cha kutilia shaka si jina bali makazi. Svchost.exe ni jina halali, na zikiwepo nyingi si ajabu, lakini halali inaishi ndani ya folda ya Windows, kwa kawaida System32. Bofya jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Open file location. Svchost inayotokea ndani ya AppData au Temp (folda za data za programu na za faili za muda) imevaa nguo za mwenzake.

Kuna dalili moja ambayo wengi hawaijui. Feni inavuma, unafungua Task Manager, feni inatulia papo hapo. Unaifunga, baada ya dakika kadhaa inaanza tena. Baadhi ya programu zinazotumia mashine yako kuchimba sarafu za kidijitali huacha kazi zikiona Task Manager imefunguliwa. Si jasusi kwa maana kamili, ila aliyeweza kuingiza hiyo angeweza kuingiza kitu kingine kupitia mlango uleule. Ichukulie mashine hiyo kama iliyoingiliwa.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, ongeza RAM au weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na ulale salama.

Matangazo yanaruka, ukurasa wa mwanzo umebadilika

Pembeni mwa skrini kinatokea kisanduku: "Kompyuta yako ina virusi 5, bofya hapa." Mara nyingi hakuna hata kirusi kimoja. Kuna siku ulifungua tovuti ya mpira au ya filamu, ikakuomba ruhusa ya kukutumia arifa, ukabofya Allow ili kisanduku kiondoke. Tangu hapo tovuti hiyo inakutumia matangazo kwa sura ya onyo. Katika Chrome nenda Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, uondoe kila tovuti usiyoitambua. Kazi ya dakika mbili, na nimeona watu wamelipishwa hela ya kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha tena, kwa ajili yake.

Arifa zikiisha na bado utafutaji wako unapelekwa kwenye tovuti ngeni, angalia viendelezi vya kivinjari, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani yake. Andika chrome://extensions juu kwenye anwani. Kiendelezi kinachoweza kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona kila unachokiona, ikiwemo ukurasa wa benki. Futa usivyovitumia, hata vile vyenye jina zuri, kwa sababu kiendelezi kizuri kinaweza kuuzwa kwa mmiliki mwingine na kubadilika tabia kwa sasisho moja. Kikikataa kufutika, na menyu ya Chrome inaonyesha maneno Managed by your organization ilhali mashine ni yako na haina uhusiano na ofisi yoyote, basi kuna programu iliyoandika sera, yaani amri za kukidhibiti kivinjari, ndani ya Windows. Baadhi ya programu za kuzuia virusi husababisha maneno hayo pia, kwa hiyo hakikisha kwanza kama si yako.

Kagua vilevile Settings, Network & internet, Proxy. Nyumbani, Use a proxy server inapaswa kuwa imezimwa. Ikiwa imewashwa na hukuiwasha wewe, mawasiliano yako yanapitishwa kwa mtu wa kati.

Folda za fleshi zimegeuka njia za mkato

Huu ndio ugonjwa wa mitaani kwetu, na chanzo chake kwa kawaida ni steshenari. Unapeleka fleshi kuchapisha barua ya kazi, unarudi nayo nyumbani, folda zote zina kimshale kidogo pembeni na zina ukubwa wa KB 1 au 2. Faili zako hazijapotea. Programu iliyoingia kwenye fleshi imezificha, na badala yake imeweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya mara mbili, njia hiyo inaendesha programu mbaya kwanza, kisha inakufungulia folda halisi. Unaona kazi zako, unaridhika, na mashine imeshaambukizwa.

Usibofye. Changanua fleshi yote kwa Windows Security (ulinzi uliomo ndani ya Windows), iondoe programu yenyewe, kisha ufichue faili. Fungua Command Prompt na, kama fleshi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zikionekana, zinakili nyaraka tu, uifomati fleshi. Kama ulishabofya hata mara moja, tatizo limehamia kwenye kompyuta, na kusafisha fleshi peke yake ni kukausha sakafu huku bomba liko wazi.

Watu wananiambia hizo ni virusi za zamani, hazina madhara. Mwaka 2023 watafiti wa Mandiant, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza kundi la wapelelezi wanaohusishwa na China lililotumia fleshi hizihizi kuingia kwenye mashirika kupitia matawi yao ya Afrika. Misri, Zimbabwe, Kenya, Tanzania, Ghana na Madagascar zilikuwa kwenye orodha, na kompyuta za maduka ya uchapishaji na migahawa ya intaneti zilikuwa miongoni mwa vituo vya kuambukizia. Fleshi iliyotoka steshenari siichukulii kama jambo dogo.

Akaunti zinaingiliwa, na kompyuta haina dalili yoyote

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumizwa.

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia na laptopu yake. Akaunti yake ya Facebook ilikuwa inaomba fedha kwa wanafunzi wake wa zamani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimebadilisha nywila mara tatu, na bado wanaingia."

"Unabadilishia wapi, mwalimu?"

"Si hapahapa kwenye laptopu."

Jibu lilikuwa hapo. Mashine ilikuwa imebeba mwizi wa nywila, na kila nywila mpya ilikuwa inakabidhiwa moja kwa moja. Mjukuu wake alikuwa amepakua programu ya kuhariri video iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kinga ya leseni ili itumike bila kulipa, na maelezo ya kupakua yalimwambia azime Windows Defender, yule mlinzi wa Windows, kwanza ili "isisumbue". Akaizima.

Wezi hawa hufanya kazi upesi. Wanafungua hazina ya nywila iliyohifadhiwa kwenye kivinjari, wananakili namba za kadi zilizohifadhiwa na faili za pochi za sarafu za kidijitali, kisha wanachukua kitu ambacho watu hawakifikirii: vidakuzi. Ukishaingia Gmail, kivinjari kinahifadhi kidakuzi kinachosema "huyu tayari amethibitishwa". Mwizi akikiweka kwenye kivinjari chake, anaingia akiwa wewe, bila nywila wala msimbo wa simu. Ndiyo maana mtu mwenye uthibitishaji wa hatua mbili bado anaweza kuingiliwa, na ndiyo maana kubadilisha nywila pekee hakutoshi.

Si jambo la watu wachache. Kati ya 16 Machi na 16 Mei 2025, Microsoft ilihesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa na mwizi mmoja tu kati ya wengi, aitwaye Lumma. Mwezi huo wa Mei, kwa msaada wa mahakama na polisi wa nchi kadhaa, anwani za intaneti zipatazo 2,300 alizokuwa akitegemea zilichukuliwa.

Milango yake ninayoikuta ni mitatu. Wa kwanza ni programu iliyokrakiwa na kile mafundi wanachokiita akativeta, yaani programu ya kuipa Windows au Office leseni ya bandia. Nasema hili nikijua wazi kuwa baadhi ya wenzangu wa kazi hii huzibeba kwenye fleshi zao na kuziweka kwenye mashine za wateja. Mwambie fundi wako kuwa huzitaki. Wa pili ni michezo: nyongeza za bure na njia za kushinda kwa hila zinazowavuta watoto kutoka kwenye maelezo ya video. Wa tatu ni mpya kidogo na unanasa hata watu makini. Tovuti inakutaka uthibitishe kuwa wewe si roboti, inakuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Huo si uhakiki wa usalama. Tovuti ilishaweka amri kwenye ubao wa kunakili, na wewe mwenyewe umeibandika na kuiendesha. Hakuna tovuti halali duniani inayohitaji ufanye hivyo.

Ukishafika hapa, mpangilio wa hatua ndio dawa. Tumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote: badilisha nywila, chagua kutoka kwenye vifaa vyote ili vidakuzi vilivyoibwa vife, kisha kagua namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti, na kama kuna kanuni ya kusambaza barua zako kwenda anwani usiyoijua. Wengi husahau hilo la mwisho, na mwizi anaendelea kusoma barua miezi mingi baadaye. Fuata benki na huduma za fedha, kisha mitandao ya kijamii. Kwenye WhatsApp fungua Linked devices na uondoe kila kompyuta iliyounganishwa. Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili kila mahali. Mashine yenyewe usiitumie kuingia popote hadi ipigwe Windows upya.

Taa ya kamera inawaka, kipanya kinajisogeza

Kipanya kinachotetemeka kidogo mara nyingi kina tatizo la uchafu au unyevu kwenye sehemu ya kugusa. Kipanya kinachokwenda moja kwa moja kwenye aikoni na kufungua faili kinaongozwa na mtu. Kata intaneti mara moja. Kikitulia, umepata jibu.

Programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali kama AnyDesk na TeamViewer ni halali, nami huzitumia. Shida ni pale mtu anapokupigia simu akijiita fundi wa kampuni kubwa, anakuelekeza uisakinishe, "anakutengenezea", kisha anaiacha ikiwa na nywila yake. Iondoe kama huitumii. Kwa kamera, nenda Settings, Privacy & security, Camera: Windows inaorodhesha programu zilizoitumia na lini mara ya mwisho. Rudia hivyo kwa Microphone. Ukiona saa nane usiku ulipokuwa umelala, na programu usiyoijua, hiyo si bahati mbaya.

Kuna wanaodhani habari za kamera ni hofu tupu. Mwaka 2014 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, na polisi wa nchi nyingine walikamata watu waliohusika na programu iitwayo Blackshades, iliyokuwa ikiuzwa kwa dola 40 tu na iliyokuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya 500,000 katika nchi zaidi ya 100. Ilikuwa inawasha kamera na kurekodi vitufe. Kipande cha karatasi juu ya kamera hakina gharama, ila kumbuka hakizibi maikrofoni.

Mtu wa karibu anajua ulichoandika

Mara nyingi hakuna programu jasusi hapo kabisa. Akaunti yako ya Google iko wazi kwenye simu ya zamani uliyomwachia, au kivinjari cha kompyuta ya familia kimesawazishwa na akaunti yako. Fungua orodha ya vifaa kwenye akaunti yako uone. Kisha tazama nyuma ya kompyuta ya mezani: kati ya kebo ya kibodi na tundu la USB kusiwe na kipande kidogo mfano wa fleshi. Kifaa hicho hurekodi kila kitufe, na hakuna programu ya kuzuia virusi itakayokiona, kwa sababu hakipo ndani ya Windows.

Kama ni mwenzi mwenye ukali, tafadhali usikimbilie kufuta. Atajua saa hiyohiyo kwamba umegundua. Wasiliana na unayemwamini kwa kifaa ambacho yeye hajawahi kukigusa, piga picha ulichokiona, ndipo upange. Kuingilia kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa Tanzania, na Kenya ina sheria yake ya 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta. Ndoa haiondoi kosa hilo, na ushahidi uliofutwa haupelekwi polisi.

Kusafisha

Kwa matangazo na viendelezi, inatosha kuondoa programu usizozitambua na kufanya ukaguzi kamili. Sasisha Windows Security, kisha Virus & threat protection, Scan options, uchague ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mtandao. Mashine itajizima na kuwaka upya, na ukaguzi utafanyika kabla Windows haijaamka, kama dakika 15, wakati jasusi hana nafasi ya kujificha. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure inafaa. Usiweke programu mbili za kulinda muda wote. Zitagombana na mashine ndiyo itaumia.

Kwa mwizi wa nywila au mtu aliyeendesha mashine kutoka mbali, msimamo wangu haubadiliki: piga Windows upya. Ukaguzi ukisema "hakuna tishio" kwenye mashine iliyoingiliwa hivyo, unathibitisha tu kuwa haukuona. Nakili nyaraka, picha na video, usinakili programu hata moja. Reset this PC, ukichagua Remove everything, inafaa watu wengi. Njia ya kupakua kutoka kwenye mtandao inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando, kwa hiyo andaa. Bora zaidi ni kutengeneza fleshi ya Windows kutoka tovuti ya Microsoft kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi.

Baada ya hapo

Jitengenezee akaunti ya kawaida ya matumizi ya kila siku, na ile yenye mamlaka ya msimamizi ibaki na nywila yake pembeni. Mtoto akitaka kusakinisha kitu, itabidi aje kukuuliza, na hapo ndipo mazungumzo yanapopatikana. Washa uonyeshaji wa herufi za mwisho za majina ya faili, zinazotaja aina ya faili: kwenye dirisha la faili, View, Show, File name extensions. "Ankara.pdf.exe" haitajificha tena kama "Ankara.pdf". Kama bado uko Windows 10, elewa kwamba Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025; mashine ikikubali Windows 11, hama, isipokubali, jiandikishe kwenye mpango wa masasisho ya usalama ya ziada wakati bado upo, au fikiria Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Badala ya Office iliyokrakiwa, LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua faili za Word na Excel.

Na kwa steshenari, tuma faili kwa barua pepe kwenye anwani ya duka wakuchapishie, bila wewe kuingia akaunti yako kwenye mashine yao. Wasipokubali, tenga fleshi moja ya kuchapishia tu, yenye faili ya siku hiyo pekee, na ukirudi nyumbani ifomati kabla hujafungua chochote kilichomo.